Sura ya Sita: Maandalizi ya Idi Pamoja na Watoto Wadogo

Katika miji na vijiji vya pwani ya Waswahili, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Pemba, Unguja na Kilwa, siku za mwisho za mwezi wa Ramadhani huwa na kazi nyingi za mikono: nguo hushonwa, mapazia hufuliwa, nyumba hutolewa utando wa buibui, na jikoni huanza kuandaliwa vitamutamu ambavyo siku nyingine hununuliwa kimoja kimoja barazani au dukani. Sura hii inashughulikia sehemu ya kazi hizo inayoweza kufanywa na mtoto wa umri wa miaka mitatu hadi minane, na inashikilia kwamba kipimo cha kitamu kinachofaa kuandaliwa na mtoto hakipaswi kuwa wepesi wake kwa mtu mzima, kwa sababu upo upishi mwepesi sana ambao humwacha mtoto amesimama mlangoni akitazama, na upo upishi wenye hatua nyingi ambao humpa kazi ya kweli kwa saa nzima bila kumsogeza karibu na moto.

Kumshirikisha mtoto katika kazi hizo si jambo lililoletwa na vitabu vya malezi. Kutwanga iliki, kuchambua mchele, kukung'uta ufuta na kupeleka sahani kwa jirani ikiwa imefunikwa kwa kawa, yaani kifuniko cha ukindu kilichosukwa kwa umbo la pia, ni kazi ambazo watoto wa pwani wamezifanya kwa vizazi vingi, na zilikuwa kazi zenye kuhesabiwa, kwani iliki isipotwangwa shira haikuwa na harufu. Elimu ya malezi iliyoandikwa Ulaya ilifika mahali hapo hapo kwa njia yake. Friedrich Fröbel, mwalimu wa Kijerumani aliyefungua kituo chake cha watoto wadogo mwaka 1837 katika mji wa Blankenburg, aliweka kukunja karatasi, kusuka vipande vya karatasi na kufinyanga udongo kuwa masomo kamili, na mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba kati ya yale ambayo mtoto huyaweza peke yake na yale asiyoyaweza kabisa kuna eneo la katikati, ambamo akisaidiwa kidogo na anayejua zaidi hujifunza kwa haraka. Mtoto wa miaka minne anayeshika mchi huku bibi yake amekishikilia kinu yumo ndani ya eneo hilo.

Kabla ya kuchagua kitamu, ni vizuri kuitazama kalenda, kwa kuwa Idi haina msimu wake wa kudumu. Mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30 kulingana na kuandama kwa mwezi, na mwaka wa miezi kumi na miwili ya aina hiyo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi, hivyo sikukuu husogea nyuma mwaka hadi mwaka na kuzunguka misimu yote. Kati ya mwaka 2021 na 2025 Idi el-Fitr iliangukia kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Mei, yaani ndani ya masika, ambapo hewa ya pwani hujaa unyevu, na sukari, ambayo kwa maumbile yake huvuta maji kutoka hewani, hugeuka kuwa ya kunata hata ikiwa imepikwa vizuri. Kashata iliyokauka barabara wakati wa kaskazi inaweza kulowa usiku mmoja wakati wa masika ikiachwa wazi, na mpishi asiyelijua hilo hulaumu mkono wake bure. Zaidi ya hayo, kwa kuwa hakuna anayejua kwa hakika kama Idi itakuwa kesho au kesho kutwa hadi mwezi uonekane, vitamutamu vya kuandaliwa na watoto vinapaswa kuwa vile vinavyoweza kungoja siku mbili tatu ndani ya kopo lenye mfuniko bila kuharibika.

Kinachotawala karibu vyote ni sukari inayochemka, na hapa inafaa kukaa kidogo. Sukari ya mezani, ambayo wanakemia huiita sukrosi, imeundwa kwa sukari mbili ndogo zilizoshikana, glukosi na fruktosi. Ikiyeyushwa katika maji na kuchemshwa, maji huondoka kwa mvuke, shira inayobaki huzidi kuwa nzito, na joto lake hupanda juu ya nyuzi 100 za Selsiasi ambazo maji matupu hayavuki, kiasi kwamba joto lenyewe hueleza ni maji kiasi gani yamebaki. Karibu na nyuzi 110 shira hufikia hatua ya uzi, ambapo tone lililopoa kidogo likibanwa kati ya vidole viwili na vidole vikatenganishwa huvutika kuwa uzi mwembamba. Kati ya nyuzi 112 na 116, tone likidondoshwa katika bakuli la maji baridi hukusanyika kuwa donge laini. Na joto likizidi nyuzi 145 tone huwa gumu la kuvunjika kama kioo. Wapishi wa pwani wamezifuata hatua hizi kwa jicho na kidole bila kipimajoto chochote, na kwa mtoto wa miaka sita bakuli la maji baridi, ambamo matone hugeuza tabia mbele ya macho yake, ni somo linalomshughulisha zaidi kuliko pipi yoyote, mradi matone yadondoshwe na mtu mzima na mtoto ayaguse yakiwa yamekwisha kupoa.

Sukari hiyo hiyo hutakiwa kutenda mambo mawili yanayopingana. Katika kashata hutakiwa igande upya kuwa chembe ndogondogo, ndiyo maana mchanganyiko hukorogwa bila kuachwa hadi unapoanza kuwa mweupe na kuachana na sufuria, kwa kuwa kukoroga huzifanya molekuli za sukrosi zijipange pamoja na kuwa fuwele. Katika shira ya kaimati, yale maandazi madogo ya mviringo ya unga, chachu na tui, hutakiwa isigande kabisa bali ibaki ya kung'aa, na kwa sababu hiyo hukamuliwa ndimu, ambayo asidi yake huivunja sehemu ya sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko wa sukari tofauti hushindwa kujipanga kwa urahisi. Mpishi anayetia ndimu katika kashata kwa nia ya kuongeza ladha hupata kitu kitamu kisichokatika. Sukari guru, ile ya miwa isiyosafishwa ambayo bonde la Pangani lilijulikana kwayo katika karne ya 19, ina kiasi chake cha glukosi na fruktosi tangu mwanzo, na kashata yake huwa ya kahawia na laini zaidi. Ni tamu sana, ila haifai kwa anayetaka pembe zilizonyooka.

Kwa kashata za nazi, kiasi kinachotosha sinia moja la kawaida ni vikombe viwili vya nazi iliyokunwa, kikombe kimoja na nusu cha sukari, nusu kikombe cha maji na kijiko kidogo cha iliki iliyotwangwa. Kukuna nazi ni kwa mtu mzima, kwa kuwa meno ya mbuzi hayachagui kati ya nazi na kidole, lakini kumenya iliki, kutenga punje nyeusi na maganda, kuzitwanga, kupima sukari kwa kikombe na kupaka sinia mafuta ni kazi ambazo mtoto anaweza kupewa zote na kuachiwa muda wa kuzimaliza. Sukari na maji huchemshwa hadi hatua ya uzi, nazi na iliki hutiwa, na mwiko huendelea kuzunguka hadi nazi ikauke na mchanganyiko ujikusanye katikati ya sufuria, kisha humiminwa siniani ungali moto, husawazishwa kwa mgongo wa kijiko na kukatwa kabla haujapoa kabisa. Hapo mtoto hurudi kazini, kwani kuzitenganisha kashata zilizopoa na kuzipanga koponi tabaka kwa tabaka, kila tabaka likitengwa kwa karatasi, ni kazi ya vidole vidogo. Kashata za karanga ambazo sukari yake huyeyushwa kavu hadi iwe rangi ya kahawia zisiwekwe katika orodha ya watoto hata kidogo: sukari hiyo hufika nyuzi 160 na zaidi, kazi yote huisha kwa dakika chache, na mtoto hana sehemu yake isipokuwa hatari.

Hatari yenyewe inastahili kutajwa kwa jina. Shira huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka kwa sababu ni ya moto zaidi na kwa sababu hunata kwenye ngozi badala ya kutiririka. Mtoto akiunguzwa, sehemu iliyoungua iwekwe mara moja chini ya maji ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya ikiwa ngozi imefura malengelenge au jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake. Dawa ya meno, ute wa yai, samli na asali, ambavyo bado hupakwa katika nyumba nyingi, hufungia joto ndani na kuchafua jeraha. Mlezi aliye peke yake na watoto wawili au watatu hana sababu ya kuchemsha shira wakiwa macho. Anaweza kuifanya sehemu ya moto wakiwa wamelala na kuwabakishia kutwanga, kupima na kupanga.

Kwa mwenye watoto wa miaka mitatu, kitamu cha kuanzia ni tende, tunda ambalo halihitaji moto na ambalo liko karibu kila nyumba mwezi wa Ramadhani. Tende laini hutolewa kokwa, na kokwa zihesabiwe ili ijulikane kwamba hakuna iliyobaki, kisha hukandwa pamoja na ufuta uliokaangwa au karanga zilizosagwa, huviringishwa viganjani kuwa vidonge na kugaragazwa katika nazi kavu iliyokunwa. Hakuna hatua hapo ambayo mtoto hawezi kuifanya, na kosa lolote huliwa. Karanga zichambuliwe kwanza, zile zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, kwa sababu huenda zikawa na sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini ambayo kukaanga hakuimalizi. Uchambuzi huo, ambao watoto hupenda kuugeuza mashindano, una faida ya kweli kwa afya ya nyumba nzima. Karanga nzima hazipewi mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa kuwa huweza kumkaba, na kwa sababu hiyo hiyo ubuyu wa rangi wenye kokwa zake, ambao ni fahari ya Unguja, huwafaa waliokwisha kujua kumung'unya na kutema. Aliye chini ya mwaka mmoja haonjeshwi asali hata ncha ya kijiko, kwani huweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauna uwezo wa kuzizuia.

Kuhusu wingi, hesabu ni rahisi na haifurahishi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kikombe kimoja na nusu cha sukari kina gramu 300 hivi. Sinia likikatwa kashata 30, kila moja ina gramu 10, na mtoto anayehitaji kilokalori 1,300 kwa siku humaliza kiwango hicho cha juu kwa kashata tatu, kabla ya chai, juisi na kaimati za kwa jirani. Idi ni siku chache na hakuna haja ya kumtia mtoto huzuni kwa hesabu, lakini kashata zinaweza kukatwa ndogo.

Katika kukata na kugawa hutokea ugomvi ambao una maelezo yake. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kwamba kabla ya kufikia umri wa miaka saba hivi mtoto hukadiria wingi kwa jinsi kitu kinavyoonekana, hata akaamini kuwa maji yaliyohamishiwa katika bilauri ndefu na nyembamba yameongezeka, au kuwa donge la udongo lililoviringishwa likawa refu limekuwa kubwa. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano anayelia kwamba kashata ya ndugu yake ni kubwa, ilhali zote zimekatwa kwa kipimo kimoja na yake tu imesimamishwa upande, hasemi uongo wala hana choyo, ndivyo anavyoona. Dawa ni kukata zote kwa umbo moja na kuzilaza upande mmoja, maana hotuba juu ya uadilifu haitamfikia.

Jikoni hapo hapo huanzia kazi za mikono, kwa sababu gundi bora ya watoto ni uji. Vijiko viwili vya unga wa ngano au wa muhogo hukorogwa katika maji baridi kidogo hadi mabonge yaishe, kisha huongezwa kikombe cha maji ya moto na kupikwa kwa moto mdogo hadi uji uwe mzito na wa kung'aa, mabadiliko ambayo hutokea pale chembe za wanga zinapovimba na kupasuka katika joto la nyuzi 60 hadi 70. Gundi hiyo ikimezwa haina madhara, ila huchacha baada ya siku mbili. Unga wa kuchezea wenye chumvi nyingi, ambao vitabu vya kigeni huupigia debe, hauna nafasi katika sikukuu hii: katika siku zile zile ambapo kila nyumba hupima zakatul-fitri, pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, yaani vibaba vinne ambavyo hukadiriwa kuwa kilo mbili na nusu hivi, ni vigumu kumweleza mtoto kwa nini unga mwingine unapakwa rangi na kutupwa. Udongo wa mfinyanzi upo. Na kupima pishi hiyo yenyewe, kibaba kwa kibaba, akihesabu watu wa nyumbani mmoja mmoja, ni shughuli ambayo mtoto wa miaka sita anaistahili kuliko kuchezea unga.

Kwa karatasi, kazi ya kwanza ni kusuka. Karatasi moja hukunjwa na kupasuliwa mistari isiyofika ukingoni, na vipande vya rangi nyingine hupitishwa juu na chini kwa zamu, hadi upatikane mkeka mdogo wa kuwekea sahani ya kupelekwa kwa jirani. Usukaji huu wa kunyooka, ambao ndio Fröbel aliufundisha, ni tofauti na ule wa ukili, ambamo nyuzi za ukindu au milala hupishana kimshazari na kuufanya mkanda uwe na ukingo wake wenyewe bila kushonwa. Mtoto aliyezoea karatasi anaweza kujaribu ukili akifikia miaka saba au minane, kwa milala iliyolowekwa, kwa kuwa mikavu hukata vidole. Kijifuko cha mkono wa Idi, zile sarafu ambazo watoto hupewa wanapozunguka nyumba za jamaa wakiwa na nguo mpya, hukunjwa kwa karatasi ya kaki na kutiwa uzi wa kuning'iniza shingoni, nacho hupendwa kuliko pambo lolote kwa sababu kina matumizi kabla ya jua kuchwa, hasa kwa watoto wa mjini Unguja ambao alasiri huelekea viwanja vya Mnazi Mmoja na fedha zao.

Kititia, kile kipangaboi cha kukimbia nacho dhidi ya upepo, hutengenezwa kwa karatasi ya pembe nne iliyokatwa kutoka kila kona kuelekea katikati, ncha nne zikakunjwa na kuchomwa juu ya chelewa. Tiara, ambayo pia huitwa kishada, hutaka chelewa mbili zilizofungwa msalaba, karatasi nyepesi, na mkia wa matambara, ambao kwa kuvutwa na upepo huizuia isipinduke. Mtoto akiambiwa akate mkia kidogo kidogo na kuirusha tena ataligundua hilo mwenyewe. Zamani tiara nyingi zilikuwa za mifuko ya rambo, lakini Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, baada ya Zanzibar kutangulia miaka mingi, na gazeti limerudi katika kazi yake. Zisirushwe karibu na nyaya za umeme. Magari ya makopo yenye magurudumu ya kandambili kuukuu yana kingo kali na ni kazi ya mkubwa anayesaidiwa, kinyume cha inavyodhaniwa.

Rangi za kupakia karatasi zipo jikoni pia: manjano iliyolowekwa, na maji ya choya yaliyochemshwa. Zote mbili huweza kuwashangaza watoto, kwani manjano ikiguswa kwa maji ya sabuni huwa nyekundu, na choya ikitiwa magadi huacha wekundu wake na kuelekea ubuluu au ukijani, kila moja ikiitikia mabadiliko ya asidi kwa namna yake.

Kazi ya mwisho ni hina, ambayo huachwa hadi usiku wa kuamkia sikukuu. Majani ya mhina yaliyosagwa hukandwa kwa maji na ndimu, huachwa saa kadhaa, kisha huchorwa kwa kijiti au kwa koni ya karatasi, na rangi yake, ambayo huanza ikiwa ya chungwa, hukolea kwa siku moja au mbili baada ya kubanduliwa. Mtoto anaweza kukanda, kuchora kiganja cha mwenziwe na kuchorwa. Piko nyeusi ni jambo jingine: weusi wake hutokana na kemikali ya kupaka nywele iitwayo parafenilenediamini, ambayo huweza kuchubua ngozi, kuacha makovu na kumfanya mtu adhurike na rangi hiyo kwa maisha yake yote. Mtoto apakwe hina ya majani tu, na piko isiguse ngozi yake, hata pale anapoililia kwa sababu dada zake wamepaka.